Makatoni Ndiyo Yanayoua Gari la Kale

Chini ya jiji la Detroit, jimbo la Michigan, zaidi ya mita 300 kutoka usawa wa barabara, kuna mgodi wa chumvi ulioanza kuchimbwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Mashine na magari yanayofanya kazi humo yalishushwa vipande vipande kupitia shimo la lifti, yakaungwa hukohuko chini, na mengi hayatapanda tena. Juu ya chumvi hiyo ndipo ilipokulia sekta ya magari ya Marekani. Kila majira ya baridi yakiingia, chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, inageuka maji machafu ya kijivu, inarukia chasi za magari na kuyala kuanzia chini. Mji uliolelewa na magari umekalia sumu ya magari. Mtunzi wa hadithi angeandika hivyo, angeambiwa ametia chumvi.

Mwenye gari la mwaka 1930 halipitishi kwenye maji hayo. Taarifa ya hali ya hewa ikitaja tu theluji ya kwanza, gari linaingia bandani, na halitoki mpaka mvua za Aprili zioshe barabara. Hapo katikati kuna miezi minne, wakati mwingine mitano, na mwezi Desemba jua linatua saa kumi na moja jioni. Wengine huenda kuvua samaki kwenye barafu, wengine husinzia mbele ya televisheni. Huyu wetu huvaa suruali mbili, huwasha hita ya mafuta ya taa na kushika spana.

Nimekaa jirani na watu wa namna hii vya kutosha kuwapenda na kuwakosoa. Wakikutana wao kwa wao, adui anayetajwa ni kutu. Mimi naona kutu inasingiziwa mengi. Katika mabanda niliyowahi kuingia, magari yaliyokufa kabisa, yale ambayo hakuna tena anayetarajia kuyasikia yakinguruma, mengi hayakuuawa na chumvi. Yaliuawa na wenyewe, mwezi Januari, kwa mapenzi makubwa, kwa sababu walikuwa na muda mwingi na hakuna aliyekuwa akilisubiri gari.

Nianze na anayefanya vizuri. Mzee jirani yangu, mstaafu wa kiwandani, ana Ford Model A. Magari haya yalitengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1927 hadi 1931, zaidi ya milioni 4.8, na moyo wa kazi hiyo ulikuwa kiwanda cha Rouge pale Dearborn, jirani na Detroit. Injini ina silinda nne, ujazo wa lita 3.3, nguvu farasi 40. Tanki la petroli liko mbele ya dereva, juu ya magoti yake, na petroli hushuka hadi kwenye kabureta kwa uzito wake wenyewe, bila pampu. Breki zinavutwa kwa fito za chuma, hazina mafuta ya breki. Umeme ni volti 6. Chini ya usukani kuna vijiti viwili: cha kulia huongeza mafuta, cha kushoto huwahisha au kuchelewesha cheche, na ukisahau kuichelewesha kabla ya kuzungusha hendeli, hendeli inarudi nyuma kwa nguvu ya kuvunja mkono. Hakuna kitu ndani ya gari hili ambacho mtu mwenye spana chache na kichwa kilichotulia hawezi kukifungua na kukielewa. Hiyo ndiyo raha yake. Na kama nitakavyoeleza, hiyo ndiyo hatari yake.

Kabla ya kuligusa, mzee hulilaza. Watu wengi hudhani kulaza gari ni kuzima injini na kufunga mlango. Rejeta lazima iwe na dawa isiyoganda, nusu dawa nusu maji, mchanganyiko unaovumilia baridi ya hadi nyuzi 35 hivi chini ya sifuri. Maji matupu yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na chuma cha kusubu hakina ujanja mbele ya nguvu hiyo, bloku inapasuka. Dawa yenyewe ni tamu na ni sumu, hivyo tone likidondoka sakafuni hufutwa kabla mbwa hajalilamba. Betri hutolewa na kuunganishwa na chaja ndogo, kwa kuwa betri iliyojaa hustahimili baridi kali kupindukia, lakini iliyoisha huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri. Petroli ya siku hizi nayo ina kilevi cha ethanoli kinachovuta unyevu na kulegeza mipira ya zamani, kwa hiyo kuna anayeimwaga yote na kuna anayeitia dawa ya kuitunza. Kisha panya. Kiti kilichojazwa pamba na manyoya, ndani ya banda lisilopitisha upepo, katikati ya theluji: ungekuwa panya ungelala wapi?

Likishalala, lisiamshwe amshwe. Hapa wengi hubisha, hasa wale wanaopenda kulisikia likinguruma angalau mara moja kwa wiki. Injini ikiwashwa kwa dakika tano tu haipati moto wa kutosha. Mvuke unaotokana na kuungua kwa petroli unageuka maji ndani ya bomba la moshi na ndani ya oili, na maji hayo yanabaki kufanya kazi yake kimyakimya mpaka Aprili. Tena moshi wa injini ndani ya banda lililofungwa una gesi isiyo na harufu ambayo huua mtu akiwa amekaa tu kwenye kigoda. Acha lilale.

Baridi yenyewe ina tabia zake. Chuma kilichokaa usiku kucha kwenye nyuzi kumi chini ya sifuri hakishikiki kwa mkono mtupu. Ukiwasha hita ya mafuta ya taa unafurahi dakika chache, halafu unaona spana zote zimetoka jasho: kila lita ya mafuta ya taa inayoungua humwaga hewani karibu lita nzima ya maji katika hali ya mvuke, na mvuke huo hutafuta kitu cha baridi zaidi chumbani ili utue. Kitu hicho ni gari lako. Mzee huacha upenyo mlangoni na huvumilia baridi, na kazi ndogo huzihamishia mezani, ndani ya nyumba. Kabureta ya Zenith imewahi kukaa wiki nzima kwenye meza ya jikoni kwake, juu ya gazeti, pembeni ya chupa ya chai. Mama mwenye nyumba alikuwa na maoni yake kuhusu hilo; sitayaandika.

Kuna kazi ambazo majira haya yameziumba hasa, nazo ni zile ambazo subira ndiyo fundi mkuu. Bolti iliyoshikana kwa miaka 90 hailazimishwi. Ukiilazimisha inakatika shingo, na hapo umejitafutia wiki ya kuchimba. Inapakwa mafuta ya kupenya leo, inagongwa kidogo kesho, inapashwa moto keshokutwa, inaachwa ipoe, inapakwa tena. Siku moja inazunguka kana kwamba haijawahi kugoma. Injini iliyokwama nayo humwagiwa mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni kupitia matundu ya plagi, kisha huachwa majuma. Mtu mwenye haraka hawezi kazi hii, na kiangazi kila mtu ana haraka.

Ninayoipenda zaidi ni ya ndoo. Kipuri chenye kutu huzamishwa kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na magadi, jamii ya yale yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya. Waya hasi wa chaja ya betri hufungwa kwenye kipuri, waya chanya kwenye kipande cha chuma chakavu kilichozamishwa pembeni bila kugusana. Umeme unapita usiku kucha, mapovu yanapanda, na asubuhi kutu imekuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi. Mapovu yale ni haidrojeni, kwa hiyo hita huzimwa, mlango hufunguliwa na hakuna anayewasha kiberiti karibu. Chuma cha pua hakiwekwi upande wa chanya kwa sababu hutoa kemikali za kromiamu zenye sumu. Ukiyashika hayo, unalala na kazi inaendelea. Na chuma kizuri kilichokuwa chini ya kutu hakipungui, tofauti na anayekisugua kwa mashine mpaka alama za kiwanda zinafutika.

Kazi nyingine hazitaki majira haya. Rangi haikauki sawasawa kwenye baridi na unyevu. Kusugua rangi ya kale ndani ya banda lililofungwa ni kuvuta vumbi lenye risasi, na vumbi la bitana za breki za zamani, ambazo zilitengenezwa kwa asbesto, halipulizwi kwa kompresa hata mara moja. Haya yanasubiri milango ifunguke.

Sasa mtazame mwenzake, mitaa miwili mbali. Naye anaanza na breki za mbele, kama mtu mwenye akili timamu. Ili azifanye vizuri anaona heri ang'oe magurudumu. Magurudumu yakitoka, springi inaonekana imechakaa. Springi ikitoka, ekseli iko mkononi. Ekseli ikiwa mkononi, chasi iko wazi, na chasi ina kutu. Chasi haipakwi rangi vizuri bila kunyanyua bodi, na ukishanyanyua bodi ni aibu kuirudisha na waya zilezile. Kufikia mwisho wa Februari bodi imeegemea ukuta, injini iko kwenye stendi, na kila kingine kimo ndani ya makatoni. Makatoni yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito: mlango wa kushoto, taa, dashibodi. Kisha kuna makatoni matatu yaliyoandikwa "mbalimbali". Katoni la mbalimbali ndilo jeneza.

Hakuna kosa la kifundi hapo. Kila hatua ilikuwa sahihi ukiitazama peke yake, na ndiyo maana ni vigumu kumkemea mtu huyo. Kilichokosekana ni kitu cha kumwambia basi. Kiangazi angeambiwa na hali ya hewa nzuri, na watoto wanaotaka kupanda, na onyesho la Jumamosi. Januari hakuna anayemwambia kitu. Anafungua kwa sababu kufungua ni kutamu. Kila nati inayolegea inaonekana maendeleo, tena maendeleo ya haraka, wakati kufunga ni kazi ya taratibu yenye kukumbusha kila kilichosahauliwa.

Na kinasahauliwa kingi. Mwaka wa kwanza anakumbuka kwamba washa fulani ilikaa nyuma ya bati na si mbele. Mwaka wa tatu hakumbuki kama ilikuwepo. Katikati hapo mtoto anaingia chuo kikuu, mgongo unaanza kuuma, nyumba inauzwa. Gari linatangazwa kuuzwa, na tangazo linasema kazi kubwa imekwisha, iliyobaki ni ya kuunganisha tu. Kwa mtu ambaye hakulifungua gari hilo kwa mkono wake, hiyo "tu" ni miaka mitano. Ford Model A ina bahati: vipuri vyake karibu vyote vinatengenezwa upya leo, na vitabu vyake vya ufundi vimejaa. Gari lililotengenezwa kwa idadi ndogo likishaingia kwenye makatoni, mara nyingi hubaki humo mpaka likatwe na kugawanywa vipuri.

Tuseme sasa kwamba huyu wa pili ni mvumilivu, ana fedha, na baada ya majira nane ya baridi amelimaliza. Gari linatoka liking'aa. Mimi bado nina ugomvi naye, ingawa mdogo zaidi. Model A zilizotoka Rouge hazikung'aa namna ile. Zilikuwa gari za watu wa kawaida, zilizounganishwa mbio mbio. Leo mtu hujaza kila kijishimo cha chuma cha kusubu, hupiga rangi matabaka mengi na kuisugua mpaka ujione uso. Kilichofutwa ni rangi ya kwanza ya kiwandani, mkwaruzo wa mkulima aliyebeba magunia, kiraka cha fundi wa miaka ya vita wakati vipuri havikupatikana. Hivyo vyote vilikuwa habari, na gari haliwi la asili mara ya pili. Bahati nzuri si mimi peke yangu ninayelalamika. AACA, klabu ya magari ya kale ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1935, ina kundi maalumu la tuzo kwa magari yaliyobaki na sura yake ya mwanzo, mikwaruzo na yote. Miaka ya nyuma gari la namna hiyo lilipita katikati ya maonyesho na watu wakamwonea huruma mwenye nalo.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu la haki. Kuna magari yaliyooza kiasi kwamba huwezi kuyagusa kwa kiasi. Mbao zilizoshikilia bodi zimeliwa, sakafu imetoboka, beringi za injini, zile za aloi laini ya bati iliyomiminwa ikiwa moto, zimemomonyoka. Gari la namna hiyo lazima lifunguliwe lote au liachwe. Sawa. Lakini magari mengi niliyoyaona yakifunguliwa hayakuwa hivyo. Yaliingia bandani mwezi Novemba yakijiendesha yenyewe. Gari lililofika kwa injini yake mwenyewe lina haki ya kutoka kwa injini yake mwenyewe mwaka unaofuata, na anayetaka kulivunja ndiye mwenye kesi ya kujibu.

Wengine watasema mchezo ni wa mwenyewe na gari ni lake. Kama raha yake ni kufungua, afungue. Hapo ndipo ninapokataa. Makumbusho yanaweza kutunza mwili wa gari. Pale Dearborn penyewe kuna jumba lililojaa magari mazuri ambayo mengi yamesimama. Mambo yasiyoweza kuwekwa kwenye kabati la kioo ni yale yanayojulikana na mguu na sikio: klachi mara mbili kwa kila gia, cheche inayocheleweshwa mlimani, umbali wa kusimama kwa breki za fito kwenye lami yenye unyevu. Hayo yanakaa kwa watu tu, na yanarithishwa gari likiwa barabarani. Tangu mwaka 1951 kuna tamasha la magari ya kale pale Greenfield Village, hukohuko Dearborn, kila Septemba, na kitu kinachowavuta watoto ni yale yanayotembea, yakitoa moshi na kelele. Sijawahi kuona mtoto amesimama mbele ya chasi iliyopakwa rangi vizuri.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi huenda anacheka muda huu, na ana sababu. Nilikulia Tanga, mahali ambapo gari la miaka 30 halikuitwa la kale, liliitwa gari. Pale Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road ya Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, fundi haruhusiwi kuwa na Januari. "Kaka, kesho alfajiri naenda Lushoto," mwenye gari anasema, na fundi anajua kwamba chochote atakachofungua saa tatu asubuhi lazima kiwe kimefungwa kabla ya magharibi. Haraka hiyo ndiyo iliyoziweka Peugeot 404 barabarani muda mrefu kuliko zilivyotarajiwa na waliozitengeneza. Gari lilelile ambalo Bert Shankland wa Tanzania alishindia Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967. Si kwamba fundi wetu ana subira zaidi au ujuzi zaidi ya mzee wa Michigan. Ana mteja amesimama mlangoni. Analipa gharama yake pia, maana kiraka cha haraka kikifuatwa na kiraka cha haraka hufika siku hakuna tena pa kubandika. Lakini gari haliishii kwenye katoni.

Ukimpa fundi wa Gerezani majira ya baridi mamoja, naamini angefanya maajabu. Na ukimwekea yule wa makatoni mteja mlangoni, gari lake lingetembea.

Mzee jirani yangu amejiwekea mteja wa namna hiyo mwenyewe. Ukutani mwa banda lake kuna ubao, na kila Novemba anaandika kazi moja kwa chaki. Moja. Akigundua nyingine wakati anafanya ile, anaiandika chini kwa herufi ndogo na kuiacha. Gari lazima liwe na magurudumu manne chini kufikia katikati ya Machi, liwe na betri wiki inayofuata, na barabara ikishaoshwa linatoka, hata kama kuna jambo linamkera. Ana namba ya usajili ya gari la kihistoria, ambayo Michigan huitoa kwa magari yenye zaidi ya miaka 25 kwa ajili ya maonyesho na gwaride. Mwezi Agosti sheria humruhusu kuliendesha popote, hata dukani. Agosti nzima hununua maziwa kwa Model A.

Mwaka huu ubao unasema sanduku la usukani. Ukiwa barabarani unaweza kuuzungusha usukani kiasi cha kiganja kizima kabla magurudumu hayajapata habari, na hilo amelivumilia mno. Mimi nilipendekeza kiti cha abiria, ambacho springi zake hunichoma kila ninapopanda. Aliniangalia, akachukua chaki, akaandika "kiti" kwa herufi ndogo kabisa, chini ya rejeta, chini ya dinamo, chini ya kioo cha dirisha la kulia.